Katibu wa Vikundi vya Watu

Katibu hakuwahi kuandika andiko la kikundi ambacho hajala nacho chakula. Hilo lilikuwa sharti lake la kwanza, na wapo waliolichukulia kuwa ni ulafi. Ukienda kwake na karatasi zako kwenye bahasha ya kaki, ukamwambia kikundi chenu kinataka kuomba ruzuku, hakuipokea bahasha. Aliuliza mnakutana siku gani, saa ngapi, na siku hiyo mnapika nini. Kisha alikuja, akala kilichokuwepo, hata kama ni matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai ya rangi, huku akitazama nani anamnawisha nani, nani haachi kusema, na nani akisema wengine wanatazama chini. Akimaliza kunawa alikuwa ameshajua kama kikundi kipo kweli au ni watu watatu na muhuri.

Ruzuku yenyewe ilitoka kwa mfuko wa familia moja ya wafanyabiashara. Babu zao walikuwa na maduka kando ya reli, hapa Tabora na kwenye stesheni za jirani, kabla ya kuhamia Mwanza na kutajirika. Wajukuu wakachanga fedha kwa ajili ya vikundi vidogo vya mikoa hii ya magharibi, na sisi tukauita Mfuko, basi, kwa kuwa hatukuwa na mwingine wa kuuchanganya nao. Mara moja kwa mwaka Mfuko ulifungua maombi, na mara moja kwa mwaka nyumba ya Katibu ilijaa viatu mlangoni.

Hakuwa katibu wa mtu yeyote kwa maana ya kuchaguliwa. Aliwahi kuwa karani wa ushirika wa tumbaku, akastaafu, na jina la ukatibu likamwendea kwa sababu kila kikundi kilichoshindwa kujaza fomu kilimwandika yeye kwenye nafasi ya katibu. Wafuga nyuki wa Sikonge walikuwa naye, wafinyanzi walikuwa naye, kwaya moja ya Moraviani ilikuwa naye ingawa yeye alikuwa Mwislamu na alikosa sauti kabisa. Nasi akina mama wa Ipuli tulikuwa naye.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mama wa Rehema, ambaye ana mtindio wa ubongo. Tulikuwa akina mama tisa wenye watoto wa namna hiyo. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili, watoto wakawa wanashinda pale, sisi tukiwalinda kwa zamu, na mara mbili kwa wiki alikuja dada wa mazoezi ya viungo kuwanyoosha. Kabla ya nyumba ile, mama akienda kutafuta riziki alimfungia mtoto ndani. Sitaki kulipamba jambo hilo. Tulikuwa tunawafungia watoto wetu ndani na kufuli, tunakwenda sokoni, tunarudi na kuwakuta walivyo. Nyumba ile ndiyo iliyotutoa huko, na michango yetu haikutosha kuishikilia. Ndiyo maana tulimwendea Katibu.

Siku aliyokuja kula kwetu tulipika wali na kuku, kwa kuwa ni mgeni na ni mzee. Alikasirika. Alituuliza watoto wamekula nini, tukasema uji. Akaagiza uji. Akaunywa wote, na kuku akawamegea watoto vipande vidogo vidogo kwa mikono yake, akisubiri kila mmoja ameze ndipo ampe mwingine, jambo ambalo wageni wengi hawana subira nalo. Nilimpenda siku ileile, naye siku ileile alinigombeza mara mbili.

Alikuwa mgomvi, niseme ukweli. Aligombeza wenyeviti kama watoto wa shule. Mkimletea muhtasari wa kikao usio na tarehe, aliurudisha bila kuusoma. Mkimletea katiba ya kikundi mliyonakili kwa jirani, aliwauliza kifungu cha sita kinasemaje, na hakuna aliyejua, naye alijua kuwa hakuna anayejua. Alitaka mwende wenyewe kwa mtendaji wa kata kuchukua barua ya utambulisho, wala hakukubali kumtumia anayemfahamu. Alisema anayetaka fedha za watu aanze kwa kuchoka kidogo.

Maneno ya unyonge aliyafuta yote. Tuliandika tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa, akapiga mstari. Tuliandika sisi wajane na maskini tusio na mbele wala nyuma, akapiga mstari, tena akauliza nani kati yetu ni mjane, ikaonekana ni mmoja tu. "Ukipiga magoti kwenye karatasi," alituambia, "anayesoma ataona utosi. Mnataka aone uso."

Fomu ya Mfuko ilikuwa na swali lililowashinda watu wote: mtajuaje kama mmefanikiwa? Sisi tulikuwa tumejibu kwamba tutamshukuru Mungu. Katibu aliweka kalamu chini akaniuliza kuhusu Rehema. Anaweza kukaa? Nikasema akishikwa. Ukimwachia je? Anaanguka upande wa kushoto. Baada ya muda gani? Sikuwa nimewahi kuhesabu. Akaniambia nimkalishe pale pale mkekani, nimwachie, na Rehema akaanguka kabla sijaondoa mikono vizuri. Katibu akaandika kwamba kipo kikundi ambacho mtoto wake leo hawezi kukaa peke yake, na kwamba mwisho wa mwaka mtoto huyo atakaa peke yake kwa muda ambao mama yake anaweza kunywa kikombe cha chai hadi mwisho. Nilitoka nje nikalia. Hakuna daktari aliyewahi kunionyesha jambo la kutumaini lililo dogo kiasi hicho, ambalo ningeweza kulishika.

Uongo hakuuvumilia. Wafuga nyuki wa Sikonge walimwambia wana mizinga arobaini. Akapanda baiskeli yake, akalala njiani kwa ndugu, akaingia nao porini na kuihesabu. Ilikuwa thelathini na moja, na mingine walikuwa wanaifikiria. Walimwambia, "Lakini Katibu, arobaini inapendeza." Aliinuka bila kugusa asali waliyomwekea, akarudi Tabora njia nzima kwa baiskeli. Mwaka uliofuata walimfuata na mizinga thelathini na moja, akawaandikia, wakapata. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi, na kila mara barabara ya Sikonge ilizidi kuwa mbaya na vumbi lake kuzidi kuwa jingi, na hakuona kuwa huo nao ni uongo kidogo.

Mambo yake mwenyewe hayakwenda kama ya wengine. Mtu huyu aliyejaza fomu za nusu ya wilaya hakuwahi kujaza fomu ya mafao yake ya uzeeni. Karatasi zake zilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya marehemu mkewe. Nilimwambia siku moja anipe nimpelekee. Akasema karatasi za mtu mwenyewe ni nzito. Aliishi kwa kodi ya chumba kimoja alichopangisha, na kwa vitu watu walivyomletea: sabuni, mchele, kidumu cha asali. Fedha ya kuandikiwa hakuchukua hata mara moja. Ukimpa alikasirika, na usipomletea chochote kabisa alikasirika pia, kimya kimya, na ulijua.

Mfuko ulipoanza kutaka maombi kwa njia ya mtandao tulidhani amekwisha. Akahamia steshenari moja ya mjini, akaketi nyuma ya binti anayechapa na kumsomea andiko zima kwa sauti. Alisema nukta alipotaka nukta, na mkato alipotaka mkato, na wateja waliokuja kutoa kopi walisimama kumsikiliza. Binti alipojaribu kurekebisha neno, alimwambia arudishe kama lilivyokuwa. Kisha alimwomba radhi, akamnunulia soda.

Nimesema alikuwa mgomvi, lakini watu walimfuata kwa utani wake. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora wa kale, na utani aliushika sawasawa. Kwa asiyejua, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wanafika kwa Wazaramo wamechoka na wana njaa. Waligombana, wakazoeana, wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Mpaka leo Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anaweza kwenda kujilaza kwenye mkeka wa wafiwa, akadai alishwe kwanza ndipo maiti itolewe, na wafiwa watacheka huku wanalia. Katibu alizikwa na utani huo moyoni. Ujanani mwake watani walikuwa wamejaa mjini, watu wa reli waliotoka pwani. Mmoja mmoja walirudi kwao au walikufa, na mwishoni hakuwa na mtu wa kumtukana.

Andiko letu la kwanza lilipita mchujo, na Mfuko ukamtuma afisa wake aje kutuona. Katibu alitukalisha chini siku moja kabla akatufundisha. Watoto wasivalishwe nguo za sikukuu. Tusiazime viti. Tukiulizwa jambo tusilolijua, tuseme hatulijui. Na alirudia hili mpaka tukachoka: mbele ya mtu wa Mfuko hakuna mazungumzo, kila utakalosema ameshaliandika.

Afisa alikuwa dada mdogo wa umri, mpole, amevaa viatu vya kutembea. Alikaa mkekani na watoto bila kuambiwa. Aliuliza vizuri, akaandika vizuri, na Mama Mwenyekiti alijibu vizuri. Tulikuwa tumemaliza. Ndipo Katibu akamletea kitabu cha wageni, dada akaandika jina lake, na Katibu akasoma jina la ukoo. Alilitazama kwa muda.

"Hili jina la Kizaramo hili," alisema. "Baba yako ni Mzaramo?"

"Ndiyo, babu. Ila mimi nimezaliwa Mwanza."

Sijawahi kuona uso wa mzee ukibadilika vile. Aliyekuwa amekaa kama karani kwa saa mbili alinyoosha miguu, akavua kofia, akaanza. Alisema kumbe tumetembelewa na mtumwa wake na hakuna aliyemwambia. Alisema kama angejua ni Mzaramo angemnyima hata maji. Sisi tulishaanza kucheka. Kisha akasema, "Sasa sikiliza, mtani. Hizo hela zenu zikija, ya kwanza mimi nanunua pikipiki. Nitaipanda mpaka kwenu Uzaramo nikaoe shangazi yako. Hawa watoto watalamba sahani."

Tulicheka mpaka Mama Mwenyekiti akashika ukuta. Dada naye alitabasamu, akainamisha kichwa, akaandika. Tulidhani anaandika shukrani.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Katibu aliisoma mwenyewe mbele yetu, kwa sauti ile ile ya steshenari. Mfuko ulisema umevutiwa na kazi yetu. Ulisema hata hivyo hauwezi kutoa ruzuku kwa kikundi ambacho katibu wake ametamka waziwazi, mbele ya afisa na wanachama, kuwa atatumia fedha kununua usafiri wake binafsi, na ambacho wanachama wake hawakuonyesha kushtuka. Alipofika kwenye neno hilo la kushtuka alisimama, akanipa barua nimalizie. Hakukuwa na mengi ya kumalizia. Kulikuwa na salamu na sahihi.

Mama mmoja alisema, "Lakini ulikuwa utani." Wote tulikuwa tunajua.

Alipanda basi kwenda Mwanza kwa nauli yake. Alinieleza baadaye, kwa maneno machache, tofauti na alivyozoea. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu ofisi ilipofunguliwa. Yule dada afisa alikuja akampeleka pembeni, akamsikiliza yote, habari za misafara na wapagazi na mkeka wa wafiwa. Kisha yule dada akalia. Alimwambia, "Hata babu yangu alikuwa anafanya hivyo kwa wageni fulani. Sisi wajukuu tulikuwa tunaona aibu. Tulidhani ni ukorofi wake tu." Alikwenda kumwona mkubwa wake, akarudi akasema bodi imeshakaa, na kilichoandikwa kimeandikwa. Katibu alimbembeleza yule binti anyamaze, akamnunulia chai, akarudi Tabora.

Tuliishikilia nyumba miezi minne mingine kwa kuuza vitu. Mimi niliuza cherehani yangu ya pili. Kisha tukairudisha kwa mwenyewe. Dada wa mazoezi alikuja mara mbili tatu nyumba kwa nyumba kwa huruma yake, akashindwa. Miguu ya Rehema ilianza kukaza, visigino vikapanda juu, na kumvalisha suruali ikawa kazi ya watu wawili. Mama Mwenyekiti alirudi kwenye kufuli. Nililiona limening'inia mlangoni kwake siku moja nikipita, na ndani nikasikia mwanawe anapiga ukuta kwa mkono, polepole, kama mtu asiye na haraka. Nilimwita jina. Alinyamaza akasikiliza, kisha akaendelea. Sikuwa na ufunguo.

Mwaka uliofuata tuliomba tena, na Katibu akatuandikia barua ya kujiuzulu kwake ili tuiambatanishe. Mfuko ulipiga simu kuhakikisha. Mama Mwenyekiti ndiye aliyepokea, nami nilikuwa kando yake. Waliuliza kama yule mzee bado anatusaidia. Angeweza kusema hapana. Lakini Mama Mwenyekiti ni mwanamke wa kanisani, na tena amelelewa. Alisema, "Ni mzee wetu yule. Amejiuzulu, ndiyo, lakini tutamtupa wapi?" Akaona amejibu kwa heshima. Kwetu ukisema umemwacha mzee aliyekutendea mema unajionyesha kuwa mtu mbaya, na yeye alitaka Mfuko uone kuwa sisi ni watu wazuri. Tukanyimwa mara ya pili.

Baada ya hapo Katibu alihama. Alikwenda Igalula kwa dada yake, mjane mwenye shamba karibu na stesheni. Alisema hewa ya Tabora inamkaba kifua. Kifua kilikuwa kibovu kweli, lakini haikuwa hiyo sababu. Vikundi vingine vilikuwa vimeanza kumwogopa. Walisikia kuwa jina lake Mwanza ni baya, na viatu mlangoni kwake vikapungua. Wafuga nyuki wale wale wa thelathini na moja walitafuta kijana wa kuwaandikia. Katibu alilijua hilo na hakulitaja.

Maombi yalipofunguliwa mara ya tatu nilipanda treni kwenda kwake. Nilibeba fomu ya kujaza kwa mkono kabla ya kuchapwa, na nilibeba pia hasira, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumlaumu na nikijichukia kwa kumlaumu. Alikuwa amekaa sebuleni kwa dada yake, amekonda, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba fomu. Aliipitia kimya mpaka kwenye swali linalouliza kama kuna mabadiliko katika uongozi tangu maombi ya mwisho.

"Hapa andika katibu wa zamani amefariki," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, polepole, kama anavyomsomea binti wa steshenari, na nukta akaitaja.

"Katibu, wewe hujawahi kuniachia hata mzinga mmoja wa uongo."

"Ule ulikuwa wa kujipamba," alisema. "Nimejiuzulu, hawakuamini. Kufa wataamini. Andika."

"Siwezi kuandika hivyo na wewe umekaa hapa."

"Mwanao anakaa?" aliniuliza. Miguu ya Rehema aliijua. "Basi andika, Mama Rehema. Mimi ndiye niliyewafungia mlango, na hakuna namna nyingine ya kuufungua. Ingekuwepo ningeshakueleza."

Niliandika. Mkono wangu ndio ulioandika, na siutetei. Alinitaka nimsomee, nikamsomea, akasema mwandiko wangu umenyooka.

Mfuko uliwatuma wageni wawili, na mmoja alikuwa mzee wa familia yenyewe. Kabla hajakaa alisema, "Kwanza poleni kwa msiba wa katibu wenu." Akatuomba tusimame dakika moja kumkumbuka. Tukasimama, akina mama tisa na wageni wawili, kwenye ua wa nyumba ambayo tulikuwa tumeiazima kwa siku ile. Mama Mwenyekiti alikuwa analia, na sijui alikuwa analilia nini hasa, mimi pia nililia. Yule mzee alituona, akasema inaonekana alikuwa mtu mwema. Ruzuku ilitoka, ya miaka mitatu. Tukaipata tena nyumba yetu, dada wa mazoezi akarudi, na kufuli la Mama Mwenyekiti sijaliona tena.

Katibu alifariki kweli ruzuku ikiwa haijamaliza mwaka wake wa kwanza. Tulikwenda kumzika watano tu, tumevaa khanga za kawaida, wala si sare ya kikundi, na tuliketi kwa mbali na watu wa Tabora. Hatukuweza kutangaza msiba wala kukusanya rambirambi, kwa kuwa pole zake tulishazipokea. Watoto wake waliotoka Dar es Salaam walituuliza sisi ni nani kwa marehemu, tukasema ni majirani wa zamani. Nayasema haya sasa kwa sababu andiko lile limekuwa la kweli, na kwa sababu mtu yule hakustahili kuzikwa na majirani wa zamani.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kabla ya ufunguzi wa nyumba. Nilikwenda Igalula kumpa habari. Aliuliza mtoto mmoja mmoja kwa jina, nani ameanza kumeza vizuri, nani bado anashikwa na degedege. Nilimwambia habari za pole, na za kusimama dakika moja. Aliuliza kama watoto nao walisimamishwa. Nikasema hapana, waliendelea na uji wao. Akasema vizuri, na akataka kujua kama uji ulikuwa na maziwa.

Nilimwambia ufunguzi ni Jumamosi. Nikamwambia najua siku hiyo hawezi kuja, lakini aje Jumapili, watu wa Mfuko watakuwa wameshaondoka, tutafunga geti, atawaona watoto na kurudi. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo treni nzima. Nilikuwa nimebeba hata nauli yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema jirani atamwona. Jirani atamwambia mwenye duka, na mwenye duka ana ndugu Mwanza. Nikasema hakuna mtu mwenye roho hiyo. Akasema haihitaji roho mbaya, inahitaji mtu mmoja tu afurahi kumwona.

Treni ya kurudi ilipokaribia, dada yake alimwambia amsindikize mgeni. Aliinuka, akavaa viatu, akachukua fimbo. Tulifika mlangoni. Nje watu walikuwa wanapita kuelekea stesheni na magunia na kuku, na wengine tulikuwa tunawafahamu, watu wa Tabora waliokuja gulioni. Katibu akasimama. Alirudi hatua moja, mpaka kivuli cha mlango kikamfunika, akanipa mkono akiwa ndani.

"Zina miaka mitatu tu hizo fedha," alisema. "Mwaka wa nne nitakuja niwaone."

Nikamwambia tutamsubiri.